Kirudi Kama Kilivyotoka

Kila siku akitoka shule, kabla ya kuvua viatu, kabla hata ya kumuuliza mama yake wamepika nini, msichana yule alikwenda kwanza kuisalimia rafu yake. Usicheke. Alipiga goti mbele ya makasha mawili ya mbao yaliyopandanishwa chini ya dirisha, akapitisha kidole kwenye migongo ya vitabu, toka cha kwanza hadi cha mwisho, kuhakikisha hakuna kilichotoroka. Ndipo alipovua viatu. Kwa tabia hiyo mtaa mzima ulimwita Maktaba, na jina likamganda hivi kwamba hata mwalimu wake alishaanza kulitumia.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya katuni, na katuni zenyewe zilikuwa za Fundi Bisibisi. Huyo alikuwa fundi mwenye kipara na masharubu, anayetengeneza kila kitu mjini isipokuwa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Alikuwa na mbuzi mjuaji aliyemsahihisha kila neno. Zamani hadithi zake zilitoka moja moja, katika vijitabu vyembamba vya karatasi ya gazeti. Kisha zikaacha kutoka, na watoto waliozipenda wakawa watu wazima wenye vitambi. Halafu mchapaji mmoja akazifufua. Akazikusanya hadithi sita sita, akazichapa upya katika vitabu vinene vyenye majalada magumu yanayong'aa. Vikaitwa Mkusanyiko wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu na wa Nne.

Maktaba alikuwa na wa Kwanza, wa Pili na wa Nne. Wa Tatu hakuwa nao. Duka la vitabu lilisema umekwisha, na mwenye duka alishachoka kuulizwa. Kwenye rafu, kati ya wa Pili na wa Nne, palikuwa na pengo kama la mtoto aliyeng'oka jino, na kila kidole kilipofika hapo moyo nao ulizama kidogo.

Ama vile vijitabu vya zamani, pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu, kwa kinyozi. Kinyozi alikuwa amefunga kamba ukutani, akavibana vijitabu vyake kwa vibanio vya nguo ili wateja wasome wakingoja zamu. Matokeo yake nywele za watoto wa mtaa ule zilikuwa zinaota haraka kuliko kawaida. Maktaba mwenyewe alinyolewa mara nyingi mpaka mama yake akamuuliza kama anataka kuwa yai.

Lakini kijitabu kimoja hakikuwahi kupanda kambani. Kiliitwa *Kisima cha Mwangwi*, na kinyozi alikiweka kwenye droo, chini ya taulo safi. Maktaba alikiomba akanyimwa, akakiomba tena, akabembeleza, akanuna, akarudi kubembeleza.

"Wewe mtoto ni mbishi kuliko ndevu zangu kwenye wembe," kinyozi akasema siku moja, akacheka, akafungua droo. "Haya, chukua. Lakini sheria yangu unaijua."

"Kirudi kama kilivyotoka," Maktaba akaitikia haraka.

"Hasa. Na kirudi kabla ya Jumapili. Mama yangu anakuja kututembelea, na tangu nifungue duka hili hajawahi kufika. Nakitaka kiwe hapa."

"Kwa nini hiki hukiweki kwenye kamba, mjomba?" Hakuwa mjomba wake wa damu, lakini watoto wote wa mtaa walimwita hivyo.

"Soma kwanza. Ukikirudisha nitakuambia."

Maktaba alikisoma njiani, akakisoma mezani, akakisoma tena amelala kifudifudi. Mbuzi wa Fundi Bisibisi anatumbukia kisimani, kila akiomba msaada mwangwi unamjibu, naye anadhani kuna mbuzi mwingine anayemwiga. Maktaba alicheka hadi mama yake, aliyekuwa anashona chumba cha pili, akasimamisha cherehani kusikiliza. Ukurasa wa mwisho haukuwa na hadithi. Ulikuwa umejaa michoro midogo iliyotumwa na watoto wa enzi hizo, na Maktaba hakuitazama vizuri. Alichokiona ni doa la mafuta pembeni, la rangi ya chai, kubwa kama kidole gumba.

"Ah! Watu wengine hawajui kabisa kutunza vitabu," akasema, akafunga.

Kesho yake akakibeba kwenda nacho shuleni. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Darasani mwao alikuwapo mvulana aliyeitwa Miwani. Naye alikusanya Fundi Bisibisi, ila yeye alitaka vya zamani tu. Kwake kitabu kisichonuka uzee hakikuwa kitabu. Wakati wa mapumziko alipokiona *Kisima cha Mwangwi*, aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nakitafuta hiki tangu sijajua kusoma! Ni chako?"

"Changu," Maktaba akajibu.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Lilikuwa neno dogo tu, lakini likishatoka mdomoni halirudi.

"Tubadilishane. Nitakupa Mkusanyiko wa Tatu." Miwani akaona Maktaba ameduwaa, akadhani anakataa, akaongeza dau. "Basi nitakupa miwili! Nilipofaulu mtihani baba alininunulia mmoja na shangazi akaniletea mwingine, bila kuambizana. Yote mipya, hata sijaikunjua."

Miwili! Maktaba akaanza kupiga hesabu za kichwani, zile hesabu ambazo jibu lake mtu ameshalichagua kabla ya kuanza. Mmoja utaziba pengo la rafuni. Wa pili atapewa kinyozi. *Kisima cha Mwangwi* kimo ndani yake, kimechapwa upya, rangi zinang'aa, hakina doa, na juu ya hayo kuna hadithi nyingine tano. Nani atakayelia kwa kupewa kipya mahali pa kikuukuu? Huko si kumdhulumu mjomba, ni kumfanyia hisani!

Wakagusanisha vidole vidogo vya mwisho, kama walivyozoea wabadilishanaji wote wa shule ile. Vidole vikishagusana, hakuna kurudi nyuma.

Jioni ile pengo likazibika. Maktaba alipitisha kidole kwenye migongo ya vitabu, wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu, wa Nne, na kidole hakikuzama popote. Alifurahi kweli, tusimsingizie. Kisha akaufunga ule mwingine kwenye gazeti, akaupeleka kwa kinyozi.

Kinyozi alikuwa anazungusha mashine nyuma ya sikio la mteja. "Umerudisha? Mtoto mwaminifu huyo! Weka kwenye droo."

Maktaba akaweka, akaondoka haraka. Hakumkumbusha ile ahadi ya kumwambia kwa nini. Ajabu ni kwamba njia nzima neno "mwaminifu" lilimwasha kama ukosi mpya wa sare.

Ijumaa alipokuwa anapita, kinyozi alimwita kutoka mlangoni. "Maktaba! Njoo kwanza."

Ndani alikuwapo mteja aliyekwisha kunyolewa nusu ya kichwa. Mkusanyiko wa Tatu ulikuwa mezani, kati ya brashi na chupa ya spiriti.

"Hiki ni kitabu kizuri sana," kinyozi akasema. "Lakini changu kiko wapi?"

"Hadithi ni ile ile, mjomba. Na zipo nyingine tano."

"Nimeziona. Changu kiko wapi?"

 Hapo ndipo Maktaba angesema kweli, na mambo yangeishia hapo. Badala yake ulimi ukamkimbia. "Kili... kililowa. Maji yalimwagika. Ndiyo maana nikakutafutia kingine."

Akadhani atagombezwa, jambo liishe. Kumbe kinyozi uso ulimng'aa.

"Kulowa tu? Nilidhani kimepotea! Kilete hivyo hivyo. Nitakianika mbele ya feni, ukurasa kwa ukurasa."

"Hata hela hulowa," mteja wa nusu kichwa akadakia, "na hakuna anayezitupa."

Wakubwa wakacheka. Maktaba naye akajaribu kucheka, akaaga.

Ukafika wakati wa chakula cha usiku. Mama yake alimtazama akisukuma kijiko huku na huku, akachomoa pini zilizokuwa zimebaki kwenye ukosi wake, akazichomeka kwenye kimto.

"Sema mwanangu. Tumbo, au moyo?"

"Mama," Maktaba akasema, "mteja akikuletea kitambaa kilichopauka, nawe una kizuri zaidi, ukimshonea kwa kile kizuri, atafurahi?"

"Atauliza kitambaa chake kiko wapi."

"Hata kama chako ni bora?"

"Hata kama changu ni hariri. Mimi hata vipande vinavyobaki namrudishia mwenyewe, viwe vya kufunikia kifungo tu. Najuaje kitambaa kile alipewa na nani? Anayejua thamani ya kitu ni mwenyewe." Mama akasogeza kiti. "Sasa niambie. Umekata kitambaa cha nani?"

Maktaba akamwaga yote, na machozi juu. Mama yake hakumpigia kelele. Alisema tu, "Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye feni ya kinyozi. Kesho asubuhi utakwenda kwa huyo rafiki yako. Kisha utakwenda kwa mjomba. Sitakusindikiza, kwa sababu siku ya kudanganya hukuniita."

Jumamosi asubuhi Miwani alimpokea kibarazani akiwa na ufutio mkononi. *Kisima cha Mwangwi* kilikuwa mapajani mwake, kimeshavalishwa nailoni.

"Umekuja wakati mzuri," akasema. "Nataka kulifuta hili doa la ukurasa wa mwisho."

"Usiguse!" Maktaba akapiga ukelele hadi kuku wa jirani wakaruka. "Nimekuja kukiomba. Turudishiane."

"Vidole vimegusana, Maktaba. Hakuna kurudi nyuma."

"Si changu. Ni cha kinyozi. Aliniazima."

Miwani akauweka chini ufutio. Masikio yakamwiva. "Ulisema ni chako. Nilikuuliza kabisa, ukasema chako! Kumbe umenifanya nikae na mali ya mtu, hata nataka kuifuta doa kwa raha zangu? Mjomba angekiona hapa angeniita mwizi!" Akamsukumia kijitabu. "Chukua. Mimi nabadilishana, siibi."

Hilo lilimuuma Maktaba kuliko kugombezwa na mtu mzima yeyote. "Nisamehe," akasema. "Mkusanyiko wako mmoja huu hapa. Wa pili uko kwa kinyozi."

"Basi twende wote. Na utaongea wewe."

Njiani Maktaba aliyapanga maneno yake vizuri, akayakariri. Lakini walipofika dukani yakamtoka yote. Duka lilikuwa limejaa. Wateja walijipanga kwenye benchi, na kwenye kiti cha kunyolea, pale pale mbele ya kioo, alikuwa ameketi bibi mmoja mwenye kilemba cheupe, anazungushwa kama mtoto. Mama yake kinyozi alikuwa amewahi kufika kwa siku moja nzima.

"Zungusha tena," bibi alikuwa anasema. "Nimekulea miaka yote hiyo, leo nizungushwe mimi."

Kinyozi alipoona kile kijitabu mkononi mwa Maktaba alikirukia. Akakigeuza huku na huku, akakinusa. "Oo! Kimekauka! Tena kimekauka vizuri, hata alama ya maji hakina. Ulikianikaje, mtoto wewe?"

Mlango wa kuukimbia ukweli ukawa wazi mbele yake. Kinyozi mwenyewe ndiye aliyemfungulia. Alichotakiwa kusema ni "juani" tu, na kila mtu angefurahi. Nyuma yake Miwani alikuwa anasubiri.

"Hakikulowa," Maktaba akasema.

"Nini?"

"Hakikulowa, mjomba. Nilidanganya. Nilimwambia Miwani ni changu, nikabadilishana naye ili nipate Mkusanyiko wa Tatu. Yeye hakujua. Nilijiambia utafurahi kupata kipya. Lakini kweli ni kwamba nilitaka kuziba pengo langu."

Benchi zima likainua shingo. Maktaba alitamani sakafu, pamoja na nywele zake zote, imfunike.

"Umeniudhi," kinyozi akasema polepole. "Si kidogo. Umeniudhi sana. Tangu jana nimewasha feni namngoja mgonjwa ambaye hakuugua."

Mtu mmoja kwenye benchi akaguna kuzuia kicheko. Bibi akanyoosha mkono kutoka kwenye kiti. "Hebu leteni hapa hicho kinacholiliwa."

Alikipokea, wala hakuangalia jalada. Alikigeuza, akakifungua kwa nyuma moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwisho, akaweka kidole gumba juu ya lile doa la rangi ya chai. Doa lote likafunikwa. Kilikuwa kipimo kile kile.

"Nilikuwa nakaanga," bibi akasema, na sauti ikamlegea. "Huyu mwanangu akaingia mbio anapiga kelele, 'Mama, wamenichapa! Wamenichapa!' Nikajua kapigwa shuleni, nikaacha sufuria nikamshike. Kumbe wamemchapa kijitabuni. Nikakinyakua na mafuta yangu mkononi."

Maktaba na Miwani wakainamia ukurasa. Karibu na kidole cha bibi palikuwa na mchoro mmoja, mbuzi wa Fundi Bisibisi amekaa kwenye kiti cha kinyozi, kanyolewa kichwa kizima, kabakiziwa kishungi mbele. Kando yake liliandikwa jina la mvulana wa miaka kumi na mmoja. Maktaba aliutazama mchoro ule kwa mara ya kwanza, ingawa alishakuwa nao mikononi.

"Alilia kutwa kwamba nimemchafulia," bibi akaendelea. "Nikamwambia nyamaza, mimi sijui kuandika, hiyo ndiyo sahihi yangu. Kisha nikazunguka nacho mtaa mzima. Jirani mmoja alipouona mchoro akasema, kama mtoto anamnyoa mbuzi hivi, mimi nitamshinda? Akamletea kichwa chake. Ndiyo mwanzo wa duka hili unaloliona."

Miwani tayari alikuwa ameuchukua Mkusanyiko wa Tatu mezani, anafunua kwa haraka. "Mjomba, humu michoro ya watoto haimo! Wameiruka. Wamechapa hadithi tu."

"Ndiyo," kinyozi akajibu. "Hadithi ninaijua kwa moyo. Sikiweki kwenye droo kwa ajili ya hadithi."

Maktaba akaanza kulia, si kilio cha kuonewa bali cha kuelewa. "Nisamehe, mjomba. Nisamehe, bibi."

"Mimi sina neno nawe," bibi akasema. "Ila nina shida moja. Nilikitembeza kitabu hiki miaka mingi, nikiwaonyesha watu ukurasa wa mwisho. Huko mbele kinasema nini, sijui. Kila nilipomwomba huyu anisomee, kule nyumbani, alikuwa na kichwa cha mtu mkononi. Wewe wanakuita Maktaba. Hebu nisomee."

Maktaba akafuta machozi kwa mkono wa gauni. Akaanza kwa sauti ndogo. Alipofika mbuzi anapogombana na mwangwi wake mwenyewe, akasahau aibu, akaanza kuigiza, "Toka kisimani mwangu, mbuzi usiye na adabu!" na benchi zima likaitikia kwa pamoja, "Usiye na adabu!" Bibi alicheka mpaka kilemba kikamwangukia machoni. Mteja mmoja aliyekwisha nyolewa akakataa kuondoka kabla ya mwisho.

Walipomaliza, kinyozi alikirudisha kijitabu chini ya taulo, akamgeukia Maktaba.

"Sikiliza. Ungekipoteza kwa bahati mbaya, ningehuzunika, yakaisha. Kilichoniuma ni kwamba ulinichagulia. Ulikaa ukaamua mwenyewe kitu gani kinanifaa, kisha ukafunika kwa uongo. Cha mtu hakigeuki kuwa chako kwa kuwa una nia ya kumrudishia kizuri zaidi. Ukitaka kukibadilisha, muulize. Ukikosea, sema siku ile ile. Maktaba si rafu iliyojaa, mwanangu. Maktaba ni mtu ambaye wenzake wanaweza kumpa kitabu wakalala usingizi."

"Nimesikia, mjomba."

"Leo, nilipokuuliza ulikianikaje, ulikuwa na nafasi ya kunijibu 'juani'. Hukuichukua. Hilo nimeliona." Akawasha mashine. "Haya, nani zamu yake?"

Miwani aliondoka na Mikusanyiko yake yote miwili. Walipofika njia panda akasimama, akakuna kichwa, akamwekea Maktaba mmoja mikononi. "Sikupi. Nakuazima. Kirudi kama kilivyotoka."

Maktaba aliusoma mara mbili, akaurudisha siku aliyoahidi, bila hata kukunja sikio la ukurasa. Pengo likarudi rafuni. Kidole kilipofika pale kikazama kama zamani, lakini moyo haukuzama.

Bibi, kabla ya kurudi kwake, alikuja kushonewa gauni kwa mama yake Maktaba. Alimkuta Maktaba jikoni anamsaidia mama yake kukaanga mayai, naye akashika mwiko kama mtu aliye kwake. Ghafla Maktaba akakimbia chumbani, akarudi na Mkusanyiko wa Kwanza, kitabu chake anachokipenda kuliko vyote, akaufungua kwenye ukurasa wa mwisho.

"Bibi, hiki ni changu kweli kweli. Tafadhali niwekee sahihi."

Bibi akachovya kidole gumba kwenye mafuta, akakibonyeza pembeni. Wanasema Miwani alipoliona doa lile alilazimika kuketi.

Hadi leo, mgeni akikifungua kitabu kile husikitika, husema mbona kizuri hivi kimechafuliwa. Naye Maktaba hujibu, bila kukasirika, "Hapo hapajachafuliwa. Hapo pametiwa sahihi."